Mizinga Isiyo na Mti

Niwape nisiwape?
Tupe!
Niwape kidogo?
Tupe yote!

Basi sogeeni. Hapo zamani za kale palikuwa na nchi mbili, mto katikati. Huku nchi ya Nyani. Kule nchi ya Pelele, yule mnyama wa mitini mwenye mwili mdogo na sauti ya kutisha. Nchi zote mbili zilikuwa na msitu, na zote zilitegemea chumvi ya Kiboko, mwenye gulio pale kivukoni. Nyani walimpelekea magogo. Pelele walimpelekea asali.

Gulio la kwanza, Nyani walishusha magogo mpaka kivuko kikaziba. Wakarudi na magunia ya chumvi, wanaimba njia nzima. Bi Pelele, malkia wa kule ng'ambo, alishusha kibuyu kimoja. Akapewa chumvi ya kujaa kiganja.

"Bibi wee," akacheka Mfalme Nyani, "hiyo ya kuungia mboga au ya kulamba?"

Bi Pelele aliumia, tena sana. Nyumbani akakuta watu wake wamenuna.

"Malkia, watoto wanakula mboga chapwa. Na sisi tukate!"

"Mwiko wetu mnaujua. Mti wenye mzinga haukatwi. Nipeni magulio mawili tu. Nikishindwa, shoka nitalishika mwenyewe, nianze na ule mvule ambamo mama alinizaa."

Basi akawa anatundika mizinga kila alfajiri, huku roho iko juu.

Gulio la pili, Nyani walileta magogo membamba, wakadai ndiyo mtindo mpya. Chumvi ikapungua. Bi Pelele alileta mitungi, akapata kikapu. Watu wake wakaguna, lakini shoka likabaki ukutani.

Gulio la tatu, Nyani wakaleta fito. Kiboko akazitazama, akazitazama tena.

"Hizi za kuuza, au za kuchokonolea meno?"

Gulio zima hoi kwa kicheko! Mara Pelele hao, na asali, na nta, na uyoga, na magome ya dawa, mpaka kivuko kikaziba. Chumvi ikabebwa kwa zamu. Bi Pelele akalia kwa furaha mbele za watu, wala hakujifuta.

"Kumbe siri ni mizinga!" akasema Mfalme Nyani. Akakimbia kwao. "Chongeni mizinga! Mingi kuliko yao!"

Wakakata, wakachonga. Wakakata, wakachonga. Wakakata mti wa mwisho, wakachonga mzinga wa mwisho, wakaupaka nta, ukapendeza kwelikweli. Wakajitwika mizinga, wakatafuta pa kuitundika. Kushoto, visiki. Kulia, visiki. Mbele, kisiki kikubwa, na Mfalme Nyani amekikalia mwenyewe.

"Mfalme, tutundike wapi?"

Mfalme akainuka kwenye kisiki chake.

Mfalme Nyani akavuka mto, mzinga begani, macho chini.

"Bi mkubwa, naomba unitundikie huu kwako."

Bi Pelele alicheka hadi akakaa chini. Kisha akampa kikapu cha miche.

"Mzinga nitautundika. Hii kapande. Na shoka lako niachie hapa hapa."

Funzo ndilo hilo, wanangu: anayeuza mti huuza mara moja, anayeutunza huuza kila msimu.

Na hapa ndipo ngano yangu inapotua mzigo. Mwenye chumvi aunge mboga, mwenye fito achokonoe meno.