Chemchemi ya Paka Uani kwa Sange

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakifagia nyua zao asubuhi na kuteta juu ya mipaka, Bwana Tembo alikuwa na paka wawili. Mmoja aliitwa Kidani, kwa ule mstari mweupe wa shingoni. Wa pili aliitwa Vumbi, na ukimwona tu ungejua kwa nini.

Tembo hakuwa na mke wala mtoto. Paka wale ndio waliokuwa jamaa zake. Kila adhuhuri walilala katikati ya miguu yake, wakanguruma, khrrr, khrrr, naye akasinzia kwa raha.

Siku moja adhuhuri ilifika, paka hawakuonekana.

"Pusi-pusi-pusi! Kidani! Vumbi we!"

Kimya. Beseni lao la maji lilikuwa limejaa pomoni, na jani moja la mwarobaini likielea juu yake. Halikuguswa.

Mara akasikia sauti kutoka ua wa pili: chururu, chururu, tii, tii. Na chini ya sauti hiyo, nyingine aliyoifahamu mno: khrrr, khrrr.

Tembo akanyoosha shingo juu ya ua wa makuti. Jirani yake huyo alikuwa Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Na huko uani kwake, kipande cha mwanzi kilichomoza ardhini, maji yakitoka membamba, yakidondokea kifuu cha nazi, yakifurika kwenye kigae, kisha yakienda zake kwenye tuta la mchicha. Pembeni ya kigae walichutama Kidani na Vumbi, ndimi nje, macho nusu yamefumba, wakinywa na kunguruma.

Kijicho kikamwingia Tembo. Hakikupiga hodi, kilipenya kama moshi chini ya mlango.

"Mimi ndiye niliyewaokota kwenye mvua," akasema moyoni. "Mimi ndiye ninayewachemshia dagaa. Leo wanamngurumia mwenye pua kama uzi!"

Akazunguka mpaka mlangoni. Ngu! Ngu! Ngu!

"Hodi humu!"

"Karibu, baba mkubwa! Shikamoo."

"Marahaba. Paka wangu wanatafuta nini kwako?"

"Wanakunywa maji tu, baba mkubwa."

"Kwangu hakuna maji? Beseni langu, wewe ukitumbukia, tutakutafuta mpaka kesho!"

"Ni kweli," akasema Sange, pua ikicheza. "Lakini maji yako yamelala. Paka hana hamu na maji yaliyolala. Anataka maji yanayotembea, yanayozungumza naye."

"Kidani! Twende nyumbani!"

Kidani akamtazama, akapepesa macho mara moja, akarudi kwenye kigae. Ah! Afadhali angemparura.

Tembo akarudi kwake akifoka. "Kwani kuna nini pale? Chombo, tundu, basi!" Akachukua mtungi, akaujaza, akautoboa kwa pembe. Pwaaa! Maji yakatoka yote kwa mkupuo, kama watoto wa chuo cha Kurani waliofunguliwa siku ya Alhamisi. Akachukua mtungi mwingine. Paa! Huo ukawa vigae. Basi akavuta maji kwa mkonga wake, akangoja. Paka waliporudi jioni kula dagaa, akasema, "Haya, maji yanayotembea haya hapa!" Akapuliza. Pshaaa!

Kidani aliruka dirishani. Vumbi alipita mlangoni, amelowa, mkia mwembamba kama utambi. Wote wawili wakaenda kulala kwa Sange.

Sasa sikieni desturi ya mji ule. Paka akilala kwa jirani mpaka mwezi mpya uandame, basi amehama, na hakuna wa kumdai. Na mwezi uliokuwapo ulikwisha kuanza kupungua.

Kulipokucha Tembo alikuwa tena mlangoni kwa Sange, safari hii kwa sauti ndogo.

"Mwanangu Sange. Nifundishe."

"Lo! Mtu mkubwa kama wewe, ufundishwe na mimi?"

"Nifundishe, nimesema!"

"Ufundi una uanagenzi wake, baba mkubwa. Mwanagenzi humtumikia fundi, haulizi, hachungulii. Akihitimu humvika fundi wake kilemba. Ndivyo tulivyofundishwa sote."

"Nimekubali."

Sange akampeleka nyuma ya nyumba. Huko, juu ya kichuguu, palikuwa na mtungi mkubwa.

"Huu ni mtungi wa mazoezi. Kila asubuhi utakwenda mtoni, utajaza mkonga, utakuja kumimina humu. Polepole! Utoe maji membamba kama ushanga uzini. Na umimine macho umefumba."

"Kwa nini nifumbe ma…"

"Aa! Umeuliza."

Tembo akaziba mdomo kwa mkonga.

Basi kazi ikaanza. Mto ulikuwa mbali, na njia ilikuwa ya mawe. Tembo alikwenda, akarudi, akafumba macho, akamimina. Mara za kwanza maji yalimwagika ovyo, na Sange akapiga kelele, "Pumzi, baba mkubwa! Ishike pumzi!" Siku zikapita, maji yakawa membamba. Lakini kila alipomimina alisikia kutoka upande wa pili wa nyumba: khrrr, khrrr. Na kila khrrr ilikuwa mwiba. Hakuweza hata kunywa chai yake kwa amani. Alikunywa amesimama, shingo juu ya ua, akihesabu wanavyofurahi bila yeye.

Asubuhi moja Kobe alimkuta njiani.

"Bwana Tembo! Naona Sange amepata punda wa maji."

"Punda nani? Mimi ni mwanagenzi!"

"Haya, mwanagenzi. Na siku usipochota, inakuwaje?"

"Siku nisipochota sijifunzi."

"Mm," akasema Kobe, akaendelea na safari yake. Kobe hana haraka ya kumfahamisha mtu.

Tusimcheke sana Tembo, wanangu. Hakuwa mjinga. Ila macho yake yalikuwa yamehamia ua wa jirani, na mtu hawezi kuona kwa macho yasiyo nyumbani.

Ikafika siku ya mwisho wa mwezi. Jioni ile mwezi mpya ungeandama. Na asubuhi hiyo hiyo, Tembo akiteremka mtoni, mwiba wa mgunga ukamchoma wayo. Akarudi akichechemea, akakaa kando ya beseni lake lisiloguswa, akavuta maji kidogo kwa mkonga ili aoshe kidonda.

Upande wa pili: chururu… tii… tii… ti.

Kimya.

Tembo akasimamisha masikio. Halafu akasikia sauti nyembamba ya Sange: "Kidani, mwanangu, ngoja kidogo. Vumbi, usinitazame hivyo. Vumbi!"

Akanyoosha shingo. Mwanzi ulikuwa mkavu. Kigae kilikuwa kikavu. Paka wawili walikuwa wamelala kifudifudi, mabega juu, Vumbi akitikisa makalio tayari kuruka. Sange alikuwa amekwea ncha ya mwanzi, mwanzi ukiyumba naye.

"Baba mkubwa! Mtungi! Mtungi hauna maji! Nakufa mie!"

Hapo, wanangu, Tembo akaelewa. Akaelewa mto na mawe, macho kufumba, mtungi wa mazoezi na mwanzi uliopita chini ya ardhi mpaka kwenye kigae. Kumbe kila tone walilonywa paka wale lilikuwa limepita puani mwake!

Angeweza kunyamaza tu. Kijicho kilimwambia, nyamaza. Lakini mkonga wake ulikuwa na maji, na pumzi ilikwisha kuzoea. Akaupitisha juu ya ua wa makuti, akaishika pumzi, akamimina membamba kama ushanga uzini.

Chururu, chururu.

Masikio ya Vumbi yakageuka. Kisha kichwa. Kidani akatangulia. Tembo akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, akichechemea, maji yakianguka mbele yake, na paka wakayafuata mpaka wakapenya ua wa makuti, mpaka wakaingia katikati ya miguu yake. Wakanywa. Wakanguruma.

Sange akaja nyuma yao, akasimama mbali kidogo.

"Ewe kibaka!" akasema Tembo, lakini kwa upole, maji yasikatike. "Chemchemi ilikuwa mimi!"

"Ilikuwa wewe, baba mkubwa."

"Na ukanitesa mtoni nusu mwezi!"

"Ningefanyaje? Paka wako walikuwa wakinivizia kila adhuhuri, ulipokuwa umesinzia. Hukujua. Nikaona, paka anayekunywa kwa raha hamwindi mtu. Nikajenga. Lakini kuchota! Mimi huchota kwa kombe la konokono. Nilichota mpaka nikazimia. Ndipo ukaja na kijicho chako, na mkonga wako."

"Ungeniomba tu."

"Ungenisikia? Ulikuwa ukikitazama kigae changu, hukuitazama pua yako."

Tembo akaukunja mkonga wake, akautazama. Halafu akakwanyua jani la mgomba, akalichana uzi mwembamba, akamzungushia Sange kichwani mara tatu.

"Nini hiki?"

"Kilemba chako, fundi. Nimehitimu."

Jioni mwezi ukaandama, mwembamba kama ukucha, ukawakuta Kidani na Vumbi nyumbani kwao. Na tangu hapo Tembo aliwanywesha kila adhuhuri, na hakusinzia mpaka wao wamesinzia. Hivyo Sange naye akapita uani kwake bila kukimbia, na mchicha wake akaumwagilia mwenyewe, kombe kwa kombe.

Hadithi yangu imefika kikomo, nami nawaachia neno moja: mwenye kijicho huujaza mtungi wa jirani, ilhali kisima chake kiko puani pake.