Aliyerudi Akakuta Kiti cha Mgeni

Isome mpaka mwisho, kisha mpelekee bosi wako, hata kama atanuna.

Palikuwa na kiwanda cha chai huko milimani, na meneja wake, Mzee Mwasyoge, alikuwa mtu mwema kweli. Kila baada ya miaka mitatu kiwanda kilimpeleka mfanyakazi mmoja ng'ambo, kwa wanunuzi, akaone chai yetu inanywewa vipi huko.

Safari hiyo zamu ilikuwa ya Tumwitike, mwonjaji wa chai. Ulimi wake ulikuwa haudanganyiki.

Meneja alimwandaa miezi sita mizima. Alimtafutia mwalimu wa lugha. Akamnunulia koti zito. Akamleta mtu aliyewahi kuishi kule amweleze namna ya kutembea kwenye barafu, na kwamba jirani asipokusalimu asubuhi hajakuchukia. Tumwitike akaenda, akafanya kazi vizuri miaka mitatu, akarudi.

Kurudi kuliandaliwa siku moja. Mbuzi akachinjwa, vigelegele vikapigwa, watu wakala wakashiba.

Kesho yake akaingia chumba cha kuonjea. Nafasi yake mezani ilikuwa na mtu mwingine. Wenzake waliruka kumsalimia, wakamvutia kiti cha wageni, kile chenye kitambaa cha kufuma, wakamletea soda.

"Nipeni kijiko basi, tuanze kazi," akasema.

"Aa, dada! Umetoka mbali. Pumzika kwanza."

Siku ya pili, pumzika kwanza. Wiki ya pili, pumzika kwanza. Akitoa wazo, wanatabasamu kwa adabu: "Hayo ya Ulaya hayo, madamu." Hata kumtania waliacha.

Mimi sipendi kuzungusha maneno. Heshima ya namna hiyo ni kumfukuza mtu huku unamchekea.

Wiki ya tatu akaandika barua ya kuacha kazi. Kule ng'ambo walikuwa wamemwekea nafasi yake mpaka Ijumaa. Mama yake mzazi alikuwa hapa, shamba lake hapa, hakutaka kwenda popote. Lakini angekaa kwenye kiti kile mpaka lini? Akaipeleka kwa meneja.

Mzee wa watu aliisoma, akainuka kitini. "Nani amekukosea, mwanangu? Mtaje, aondoke leo leo!"

"Hakuna aliyenikosea, baba."

"Basi unataka ofisi yako peke yako?"

"Baba, wiki tatu sijaonja hata kikombe kimoja."

"Tulikuwa tunakuheshimu!"

"Najua. Ndiyo maana nimeshindwa hata kugomba."

Kabla hajajibu, mlango ukasukumwa. Alikuwa Bi Atuganile, mkuu wa chumba cha kuonjea, aliyerudi kutoka likizo asubuhi hiyo hiyo.

"Tumwitike! Kumbe umejificha humu? Chai ya leo inanuka moshi, wale wanabishana kama mabata juu ya kuni mbichi, na wewe umekaa kama bibi harusi!"

"Bi Atuganile, taratibu," meneja akanong'ona. "Huyu ni mgeni wetu."

"Mgeni? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Huyu ana wiki tatu, jembe lake mmelificha wapi? Simama, mvivu we, twende!"

Meneja akafumba macho, akijua sasa ndiyo wamempoteza kabisa. Lakini Tumwitike alicheka, mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege, akamfuata karibu anakimbia.

Kwenye meza ya kuonjea akavuta chai kwa kelele, kama waonjaji wafanyavyo, akatema kwenye ndoo. Akavuta tena. "Hizi si kuni mbichi. Bomba la tanuri la kukaushia limetoboka."

Mafundi wakaenda kutazama. Kweli, palikuwa na tundu la kupitisha kidole.

"Na hukusema mapema!" Bi Atuganile akamfokea. Chumba kizima kikaangua kicheko, na Tumwitike naye humo humo.

Jioni meneja alisimama mlangoni na ile barua. "Mwanangu, hii niijibu vipi?"

"Samahani baba, subiri kidogo. Nina vikombe arobaini sijavigusa."

Mzee akaichana pale pale. Tangu siku hiyo, kila anayepelekwa ng'ambo huambiwa kabla ya kuondoka: ukirudi utafanya kazi gani, na nani atakugombeza.

Funzo: Ukimwandaa mtu kwa safari, mwandalie na kurudi, karamu ni ya siku moja, lakini anayerudi anajua yuko kwao pale mnapompa kazi yake.