Kinoo Juu ya Kabati

Jamaa, sogeeni mbele, nafasi ipo. Leo nina habari ya mkulima mmoja wa migomba.

Mkulima huyu alikuwa anachimba msingi wa jiko, jembe likagonga jiwe. Kulitoa, lo! Kinoo cha zamani, cheusi, kimelika katikati kwa kunolewa visu na watu asiowajua. Akakiosha, akakipapasa, akakipenda kwelikweli. Kinoo chake cha siku zote, kipande tu cha jiwe la mtoni, akakivurumisha kichakani. Akaapa, "Hiki hakigusi kisu mpaka nijue asili yake." Akakifunga kitambaa cheupe, akakiweka juu ya kabati.

Basi kila alasiri baraza likawa linajaa. Kahawa inamiminwa, kinoo kinateremshwa, watu wanakigeuzageuza.

"Cha Yemen hiki," mmoja anasema.

"Wapi! Hiki ni cha wahunzi wa milimani," anadakia mwenzake.

Wakabishana hata wawili wao wakanuniana, mkono hawapeani. Na mwenye kinoo? Anachekelea! Nyumba yake haijapata kuwa na wageni namna ile. Mkewe, mja mzito, akampitia na sinia la vikombe.

"Bwana, panga lako siku hizi linaponda migomba, halikati. Na kisu chako ndiyo basi tena."

"Subiri, bibi. Jiwe la watu hili, haliparamiwi."

Mke akajifungua binti. Jamani, walikuwa wamekaa katika ndoa bila mtoto hata majirani wamechoka kuwaombea! Baba alilia. Alikuwa ameweka nadhiri kwamba Mungu akimpa mtoto, mbuzi wa akika atamchinja kwa mkono wake mwenyewe, asimwachie mtu.

Siku ya akika mbuzi kalazwa, kaelekezwa kibla, watu wamesimama. Baba akashika kisu chake. Akakijaribu kwenye ukucha, kikateleza. Akajitia hamnazo, akainama. Imamu akamdaka mkono.

"Acha! Unataka kumchinja au kumtesa? Mpe mwenye kisu."

Niambieni, nyinyi mngejificha wapi? Nadhiri ya miaka yote ile inamponyoka mbele ya wakwe zake. Mara mlango ukafunguka, mkewe, mtoto begani, akatoa kisu chake cha jikoni. Baba akakipokea, Bismillahi, Allahu akbar, mara moja tu, na mbuzi hakupata tabu.

Baba akakitazama kile kisu. "Umekinoa wapi?"

"Kwenye jiwe lako. Mkishaondoka kwenda kusali magharibi, nalifungua, nanoa, nalifunga."

"Ehe! Ukaona ni la wapi?"

"Sikuangalia, bwana. Nilikuwa naangalia kisu."

Mnacheka? Chekeni, lakini msimcheke peke yake. Sisi tunajua kushindana sheikh yupi kasoma kwa nani, na aya hii iliteremka mji gani. Elimu hiyo njema, simkatazi mtu. Lakini ndugu yako wa tumbo moja mmenuniana tangu mfungo uliopita, na jirani yako mjane hujui kama kapika. Msahafu umeuvisha kitambaa kizuri, uko juu ya kabati, na wageni wakija unawaonyesha.

Siku yako nawe itafika, kitu chako cha thamani kiko mbele yako, na watu wamesimama wanakutazama. Utashika nini mkononi? Ukirudi nyumbani leo, kabla hujanawa ukala, nyosha mkono juu ya kabati.