Ombi la Tatu la Waziri Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu, lakini haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na serikali yao, palikuwa na ghala moja la wote. Mfalme Nyati alipewa fungu lake la nafaka kila mwaka, na hakuruhusiwa kuchota zaidi mpaka baraza la wajumbe liseme ndiyo. Mambo safi kabisa! Ila palikuwa na desturi moja: wajumbe hulishwa kwanza, ndipo waombwe. Na aliyekula hasemi hapana.

Mjumbe mmoja alikuwa Mama Kanga. Wenzake walilima mahindi na kutundika mbegu zao juu ya meko. Yeye alilima mtama mwekundu, peke yake, na kwa kuwa hulala mtini na hana meko, mbegu yake yote aliiweka ghalani, kwenye kihenge cha nyuma. Vifaranga wake walikuwa wengi, na shamba alikuwa ameshalitifua.

Mwaka huo fungu la mfalme liliisha mapema. Waziri Ngiri akaja barazani, akapiga magoti kama kawaida yake. "Waheshimiwa, fungu halikutosha. Daraja limebomoka. Tuongezeeni kidogo tu."

Wajumbe walikuwa wameshakula, wameshiba. Wakasema, "Ndiyooo!"

Haukupita muda, Ngiri huyo tena! Magoti chini. "Waheshimiwa, fungu halikutosha. Paa la mfalme linavuja. Tuongezeeni kidogo tu."

"Ndiyooo!"

Na daraja je? Lilikuwa bado mtoni, limelala. Mama Kanga alitaka kuuliza, akaona haya, maana tumbo lilikuwa limejaa.

Mawingu ya mvua yalipoanza kutanda, Ngiri akarudi mara ya tatu. Safari hii masufuria yalikuwa makubwa zaidi. Mama Kanga alikuwa na njaa, msimcheke. Akainamia bakuli lake, akadonoa, akadonoa, akadonoa.

"Waheshimiwa, fungu halikutosha. Ngoma za mfalme zimepasuka. Tuongezeeni kidogo tu, kwenye kihenge cha nyuma."

Mama Kanga akaacha kula. Akatazama bakuli. Chakula kilikuwa chekundu.

"Mheshimiwa Waziri, mtama huu mmeutoa wapi?"

"Kula, mama, kinapoa."

"Nauliza, mmeutoa wapi?"

"Kihenge cha nyuma."

"Lo! Si ndiyo kwanza mnaomba ruhusa?"

"Ndiyo, mama," Ngiri akajibu kwa upole. "Sasa tungewaombaje wajumbe wenye njaa?"

Baraza zima likaangua kicheko. Spika wao, mzee Kima, akagonga meza. "Wanaokubali?"

"Ndiyooo!"

"Hapana!" akalia Mama Kanga. "Hapana! Hapana!"

Kima akachungulia bakuli lake. "Mheshimiwa, umekula?"

Mama Kanga hakuweza kudanganya. "Nimekula."

"Basi, imepita."

Mvua ikanyesha. Wenzake wakapanda. Yeye akasimama kwenye shamba lake lililotifuliwa vizuri, vifaranga wakimzunguka, wakimuuliza wapande nini. Akaanza kufukua udongo kwa kucha, kwake, kisha kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani.

Mpaka leo anafukua. Ukishapanda tu, Kanga huyo shambani! Mnamfukuza kwa mawe, mnamwita mwizi. Maskini, anatafuta mbegu aliyoila mwenyewe.

Yangu yameishia hapo. Aliyesinzia aamshwe, akalale kwao.