Kwa Nini Vyura wa Majaruba Husema Inggih

Sikilizeni vizuri, maana kisa hiki hakina mtu wa kushangiliwa. Zamani hizo mvua ilinyesha juu ya mashamba ya mpunga ya Jawa, na mashamba yakakaa kimya. Maji yalishuka kutoka mlimani kwa mfereji, yakajaza jaruba la juu, yakamwagikia la chini yake, na la chini yake tena, ngazi kwa ngazi hadi bondeni, nawe usingesikia sauti ila ya maji yenyewe. Vyura hawakuwako. Waliokuwako ni watu.

Watu wa kijiji cha Sumberlirih walisifika kwa adabu. Walipita mbele ya mkubwa wameinama, walizungumza kwa sauti ya chini, na tangu mababu hakuna aliyewahi kumwambia mkubwa neno "mboten", yaani hapana. Si kwamba hawakuwa nalo. Walikuwa nalo kama watu wanavyokuwa na sanda: kila nyumba inayo, na hakuna anayetaka kuitoa kabatini.

Kwa mkubwa walijibu "inggih", ndiyo. Lakini inggih zilikuwa mbili. Ile fupi, iliyokatwa upesi, ilikuwa ndiyo ya kweli. Ile ya kuvutwa, inayoanzia puani na kuishia tumboni, maana yake ilikuwa: tumekusikia, bwana, lakini hatutaki. Mkubwa mwenye haya akisikia ya kuvutwa aligeuza mazungumzo, akauliza habari za nyati wa kulimia, na jambo likaisha bila mtu kuvunjiwa heshima. Watoto wa kule waliijua tofauti hiyo kabla ya kujua kuvaa nguo wenyewe.

Ponirah hakuzaliwa pale. Aliolewa kutoka pwani ya kaskazini, kwa watu wanaosema wanachofikiri kisha wakala pamoja. Mumewe, Wiryo, alikuwa mtu mpole hata kupita kiasi, mtu wa kumwomba radhi kuku aliyemkanyaga. Ponirah alimpenda kwa upole huo. Alimwita Kang, kaka, kama wake wa Jawa wanavyowaita waume zao. Walikuwa na binti mmoja, Lasmi, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka, na jaruba moja, la chini kabisa, lililopata maji baada ya wengine wote kushiba.

Mwaka huo ghala lao lilikuwa limebaki vumbi, kwa hiyo mpunga uliokuwa shambani ndio uliokuwa chakula chao, wala hawakuwa na kingine. Ulipobeba mimba, Ponirah aliupelekea matunda machachu na pilipili, akayaweka kwenye kona ya jaruba. Ndivyo wanawake wa kule wanavyofanya, kwa kuwa mpunga wenye mimba huona hamu ya vikali kama mwanamke yeyote. Akaupapasa shina, akauambia uvumilie kidogo.

Sasa mkuu wa eneo lile, Demang Kertadipa, alikuwa anamwoza binti yake. Alikuwa amechimba bwawa mbele ya nyumba, akatia samaki wanono, ili wageni waketi barazani wakiwatazama. Bwawa likawa linakauka. Akawaita watu wa Sumberlirih, wakaketi mikekani, waume kwa wake.

"Wanangu," alisema, "maji ya mfereji nitayageuza yaje bwawani kwangu mpaka harusi ipite. Mnasemaje?"

"Inggiiiih," wakajibu wote, na waliivuta mpaka pumzi zikawaishia.

Msidhani Demang hakuelewa. Alizaliwa kwenye mikeka ileile. Lakini mtu akitaka kutoelewa, hata umpigie ngoma sikioni hataelewa. Akatabasamu. "Vizuri. Nashukuru mmekubali."

Wote wakatazama magoti yao. Ponirah akangoja mtu mwingine aseme, kwa sababu yeye alikuwa mgeni na mwanamke. Hakusema mtu.

"Mboten, Ndoro," akasema. Ndoro ni bwana mkubwa. "Mpunga una mimba. Ukikosa maji sasa utazaa mapepe matupu, na sisi tuna mtoto."

Baraza zima likahisi aibu, kana kwamba amevua nguo. Demang hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alimgeukia mume, akamuuliza polepole, "Wiryo, mkeo anasema nini?"

Hapo Wiryo akafanya kosa ambalo mtu wa nchi nyingine asingelifanya. Alichotaka ni kuomba radhi kwa ajili ya ulimi wa mkewe, kufunika kombe mwanaharamu apite. Akaweka paji la uso mkekani na kusema, "Inggih, Ndoro, inggih, inggih." Fupifupi. Upesiupesi. Na majirani, kwa kumhurumia, nao wakamsaidia kufunika: inggih, inggih, inggih, baraza zima, mpaka ikawa kama mvua ya mawe juu ya paa. Ndiyo ya kweli, kutoka kila kinywa.

"Mmesikia wenyewe," Demang akasema.

Njiani Ponirah hakulia. Alimuuliza mumewe, "Kwa nini, Kang?"

"Nilikuwa naomba radhi tu, Mama Lasmi. Kila mtu pale anajua nilikuwa naomba radhi."

"Maji hayajui," Ponirah akasema.

Maji yaligeuzwa kabla jua halijakuwa kali. Jaruba la chini lilikauka kwanza, udongo ukapasuka nyufa za kuingia kiganja. Majirani walipita kwenye kingo wakimpa Wiryo pole, tena kwa lugha nzuri kabisa, lakini hakuna aliyekwenda kuuzibua mfereji, kwani kuuzibua kungekuwa kumwambia Demang mboten kwa jembe. Masuke ya mpunga yakatoka yamesimama wima. Suke lenye punje huinama. Lililosimama ni la mapepe. Ponirah alilikamua moja kiganjani, akapuliza, na kiganjani hakikubaki kitu. Uchungu aliousikia hapo hakumwambia mtu, na nani wa kumwambia?

Njaa ilipokaza, alipanda mlimani kuchimba gadung, kiazi mwitu chenye sumu. Gadung huliwa na wenye njaa tu, nayo haiwi chakula mpaka ikatwe vipande na kulazwa kwenye maji yanayokwenda, siku baada ya siku, sumu ichukuliwe. Lakini maji yanayokwenda sasa yalikuwa kwa Demang, yanawazunguka samaki. Ponirah akaloweka vipande mtungini, akawa anateka maji kisimani mbali na kubadilisha, anateka na kubadilisha. Siku moja alipokuwa anabeba mtungi kwenda kisimani alimwambia mumewe, "Havijawa tayari. Usimpe Lasmi mpaka nirudi."

"Inggih," Wiryo akajibu.

Lasmi akaanza kulia njaa. Akalia, akabembeleza, akamshika babaye mguu. Akasema, kimoja tu, Bapak, kimoja. Na yule mtu, ambaye hakuweza kumwambia Demang hapana, hakuweza kumwambia hata mtoto hapana. Akamchemshia. Ponirah aliporudi na mtungi kichwani, Lasmi alikuwa anatapika povu, na kabla maji yale hayajatulia mtungini alikuwa amekwisha kufa.

Walimzika siku ya harusi. Ngoma za gamelan zilisikika kutoka kwa Demang, taratibu, zenye adabu. Nao wanakijiji walikwenda kote kuwili, kwa sababu haikuwezekana kukataa mwaliko wowote kati ya hiyo miwili.

Ponirah alifunga nguo zake katika kitambaa, akasimama kwenye kingo za jaruba lililokufa, mumewe na majirani wakiwa chini yake juu ya udongo mkavu. "Kang," akasema, "sitaki radhi yako. Sema mboten. Mara moja tu, nisikie kwa masikio yangu, nami nitakaa."

Wiryo alitaka kusema. Mwenyezi anajua alitaka. Alifungua kinywa, koo likamtuna, macho yakamtoka, lakini neno halikupanda. Akawatazama majirani wamsaidie. Na wao wakafungua vinywa, na koo zao zikatuna vilevile. Ponirah aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akashika njia ya kaskazini na hakugeuka nyuma.

Mvua ikanyesha hapo hapo, mvua kubwa, imechelewa kama mgeni anayekuja baada ya tanga kuanuliwa. Jaruba likajaa. Wakajaribu kumkimbilia, wakateleza, wakachuchumaa kwenye tope wakimwita kwa nguvu zao zote, nacho kilichotoka kooni kilikuwa nggih, nggih, nggih. Wengine husema ni Mbok Sri, mama wa mpunga, aliyewalaani wakawa vyura kwa sababu ya ile mimba yake iliyoharibiwa. Huenda. Lakini wazee wa bondeni husema hakuna aliyewalaani. Neno ukilimeza miaka yote halifi, hujikalia kooni na kukuumbua.

Demang naye alikufa mzee, kitandani pake, akisifiwa kwa ukarimu na samaki wake.

Na tangu siku hiyo, mvua ikinyesha Jawa, majaruba hayanyamazi. Vyura huchuchumaa kwenye tope, koo zimetuna, macho yamewatoka, wakisema nggih, nggih, nggih hadi pambazuko. Wanaikubali mvua, wanakikubali kiangazi, wanamkubali hata nyoka anayewala. Lakini mtu akipita juu ya kingo, hunyamaza wote kwa pamoja. Watoto hudhani vyura wanaogopa. Hawaogopi. Wanadhani ni Ponirah amerudi, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze kusema lile neno.