Ufunguo wa Gurudumu la Sultani

Hapo zamani, lakini si zamani sana, kwa kuwa pikipiki zilikwisha kuingia mjini, alikuwako Sultani mmoja jina lake Nasibu bin Haruna, mtu wa kiburi na kitambi. Naye alikuwa na pikipiki ndogo ya pedali aliyoipenda kuliko wake zake, na wake zake walijua. Ikawa siku moja akapanda nayo ngazi za kasri, wallahi sijui alitafuta nini huko, na gurudumu la mbele likapinda, likawa linayumba kama mlevi.

Basi akaitwa Fundi Mkadam, akalizungusha, akasema, "Seyyid, ringi imevutwa upande. Yatupasa tulegeze spoki za huku kwanza, ndipo tukaze za kule."

"Kulegeza?" Sultani akafoka. "Katika nchi yangu hakilegezwi kitu!" Akamtia fundi gerezani, na ufunguo akauvaa shingoni mwenyewe, maana hakumwamini mtu.

Idi ikawa inakaribia, na Sultani alitaka kupita na pikipiki yake mbele ya raia. Akapiga mbiu: "Atakayenionyesha chombo cha kunyoosha gurudumu hili atapata atakalo. Atakayeleta kisichofaa atalala gerezani. Nami nitakizungusha kwa mkono wangu, msije mkanilegezea!"

Watu wakaja na koleo, wakaja na spana za matrekta, na maskini mmoja akaja na mkasi. Wote ndani. Na kwa vile Sultani alivyokuwa akikaza tu, gurudumu likajikunja kama ganda la chungwa lililoanikwa juani.

Mjini humo alikuwako Mbwarahaji, mtu hana mbele wala nyuma, kazi yake maneno. Dada yake Mwanakhamisi ndiye mke wa Fundi Mkadam, na kila asubuhi huja kumlilia. "Kaka, wanangu wanamwulizia baba yao. Maneno yako yote hayo yanatufaa nini?"

Mbwarahaji yakamchoma. Akaoga, akaazima kanzu, akaenda barazani, dada yake nyuma.

"Chombo kiko wapi?" akauliza Sultani.

"Kiko shingoni mwako, Seyyid. Ni huo ufunguo. Uzungushe mara moja tu, gurudumu litanyooka."

Watu wakashika vinywa. Sultani akainama, kitambi kikimsumbua, akaujaribu kwenye spoki hii, akaujaribu kwenye ile, jasho likamtiririka. "Ewe baradhuli! Mbona hauingii?"

"Aa, hapo hauingii, Seyyid. Nilisema uuzungushe, sikusema hapo. Nifuate nikuonyeshe unapoingia, na gurudumu lisiponyooka, kichwa changu hiki hapa."

Basi wakaongozana, baraza zima nyuma yao, hadi mlango wa gereza. Sultani akazungusha ufunguo, mlango ukafunguka, akatoka Fundi Mkadam akipepesa macho. Akavua kofia, na ndani yake mlikuwamo spana ndogo ya spoki, ya pekee mji mzima. Mwanakhamisi akapiga kigelegele huku analia.

Fundi akaipindua pikipiki juu chini, akashika chaki karibu na ringi, akalizungusha gurudumu. Pale chaki ilipogusa akalegeza huku, akakaza kule.

"Analegeza!" Sultani akanong'ona, kashika kifua. "Jamani, analegeza!"

Lakini mwishowe gurudumu likazunguka chaki isiguse popote. Sultani akalitazama, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Mbwarahaji, umenifungulisha gereza langu kwa mkono wangu! Haya, taja utakalo."

"Wote watoke, Seyyid, hata yule wa mkasi. Na ufunguo mpe dada yangu autunze, maana yeye ndiye ajuaye uzito wake."

Akampa mbele ya watu. Ikawa tangu siku ile, Sultani akitaka kumfunga mtu, sharti aende kwanza kubisha hodi kwa Mwanakhamisi, aketi mkekani, aeleze. Mwanakhamisi humsikiliza mpaka amalize, kisha humwuliza, "Na huyo naye ana watoto wangapi?" Basi Sultani hunywa kahawa yake akarudi kasrini mikono mitupu.