Jina la Paka na Koo la Fisi

Nina ngano.

— Tupe.

Ina meno.

— Tupe hivyo hivyo.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na robo alasiri, Fisi alipomwita Kidawa, binti yake Paka. Kidawa alikuwa na adabu, akaitika, "Abee." Gubu! Akamezwa. Ndivyo Fisi alivyokula: anakuita jina, ukiitika umo tumboni, na humo hufi, unabaki ukiitika.

Paka akamfuata. Akasikia tumbo likisema polepole, abee, abee. Sauti moja ilikuwa ya mwanawe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umejileta mwenyewe? Paka!"

"Usiharakishe, mjomba. Hilo ni jina la huku tu. Ureno naitwa gato. Italia, gatto. Ujerumani, Katze. Uswidi, katt. Poland, kot. Ukimeza moja, mengine yatabaki nje, nami nitabaki nayo."

"Yamezaliwa na nani hayo?"

"Na cattus, wa Kilatini. Nyuma ya hapo wasomi wanabishana. Wapo wanaosema lilitoka huku huku Afrika."

Mate yakamdondoka Fisi. "Nitayala yote."

Akaita, "Gato!" Paka kimya. Lakini mkubwa akiita na mwenye jina haitiki, aliye karibu humjibu. Na mkubwa hajibiwi na mtu aliye ndani; sharti atoke kwanza. Kwaru, kwaru, Digidigi akapanda kooni, akatoka amelowa, akainamisha kichwa. "Hayupo, mzee."

Akaita, "Gatto!" Kwaru, kwaru, akatoka Kwale. "Hayupo, mzee."

Akaita, "Katze!" Kwaru, kwaru, akatoka Kanga, haoni vizuri. "Hayupo, mzee."

Akaita, "Katt!" Kwaru, kwaru, akatoka Kidawa, wa baridi kama jiwe la kisimani. "Hayupo, mzee." Paka akamshika shingo kwa meno, taratibu.

"Bado moja," akasema Fisi. Akaita, "Kot!"

Tumboni hamkuwa na mtu. Kimya kile kikamtisha Fisi mwenyewe. Mkubwa ameita, hakuna anayejibu, haifai.

"Abee," akaitika Fisi.

Gubu! Akajimeza mwenyewe, kuanzia mkiani. Ukabaki mdomo, kisha hata mdomo haukuwepo.

Kesho yake asubuhi, sauti isiyo na mtu ikaita mlangoni, "Paka. Paka wee." Paka alisikia vizuri sana. Akamziba Kidawa mdomo kwa mguu mmoja, akaendelea kujilamba mwingine.

Ngano nimeitua, aitakaye aibebe. Funzo lake, watoto: mkiitwa, itikeni upesi.